Mwaka Niliotulia

Nilianza kushtuka nikiwa darasa la pili. Kwanza yalikuwa macho. Nilikuwa nayakaza na kuyafumbua, nayakaza na kuyafumbua, mpaka mwalimu akadhani vumbi la chaki limeniingia, akanituma nje nikanawe. Baada ya wiki chache ikaja shingo: kichwa kinaruka upande wa kushoto kama cha mtu aliyeitwa ghafla. Kabla mwaka haujaisha ikaja sauti, sauti fupi ya kooni, kama ya mbwa aliyekwamwa na mfupa. Nilikuwa na miaka minane na kitu kile hakikuwa na jina. Nyumbani kwetu Nyangoto hakuna aliyekuwa nalo.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alisema nimepewa jina la bibi aliyekufa na kinyongo, kwa hiyo jina libadilishwe. Likabadilishwa. Mbuzi akachinjwa, nikapewa jina la pili, nikaendelea kushtuka nikiwa na majina mawili. Mama alikuwa mtu wa kanisa. Yeye alinipeleka kwa mchungaji, nikawekewa mikono kichwani, kichwa kikaruka chini ya ile mikono, na mchungaji akawaambia waumini, "Mnaona? Linatoka." Halikutoka.

Kuna jambo ambalo watu hawakuwahi kuniuliza, nami nitalieleza hapa. Mshtuko wangu hauji kama degedege. Kabla yake kuna mwasho, mahali fulani ndani ya shingo au nyuma ya macho, kama chafya inayojikusanya. Naweza kuuzuia. Niliweza kuuzuia sala nzima, tena sala za kwetu si fupi. Lakini unapouzuia hauondoki, unapanda, mpaka dunia yote inakuwa ni ule mwasho peke yake. Kisha unauachia, kichwa kinaruka, na inakuja raha. Raha ndogo, fupi kuliko kumeza mate, halafu mwasho unaanza upya. Hivyo ndivyo nilivyoishi: nangoja, naachia, nangoja. Nadhani nilijua kungoja kuliko mtu yeyote pale kijijini.

Watu hawakuona kungoja. Waliona kichwa kinachoruka, wakasema mtoto huyu hana breki. Asiyeweza kuituliza shingo yake ataweza kutuliza nini? Kwa hiyo sikupewa mtoto mchanga kumshika. Sikutumwa dukani. Chungu cha maji nilikibeba mara moja tu, shangazi akanipokonya kabla sijafika mlangoni, ingawa sikuwa nimemwaga hata tone. Siwezi kusema walikosea kabisa. Nikiwa na miaka kumi na moja, mama aliniambia nisiguse sufuria ya uji kwa kuwa ni ya moto, na kwa sababu tu ameniambia hivyo, kidole kikaanza kuwasha kutaka kuigusa. Nikaigusa. Kovu ninalo. Katika kovu hilo moja watu wakatunga sheria nzima ya maisha yangu.

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Yeye alikuwa mtulivu. Alikuwa na namna ya kukaa ambayo hata nzi wakitua usoni pake hahangaiki. Hakupaza sauti, hakukimbia, alikula taratibu. Tata alipomwita "mura", yaani kijana wa kiume, ungesikia fahari ndani ya neno lenyewe. Na alikuwa mwema kwangu, lazima niliseme hilo pia. Wavulana walioniigiza shuleni aliwafuata mmoja mmoja, bila kelele, na baada ya hapo hawakuniigiza tena.

Sisi wawili tulikuwa tumefungwa kwa kamba moja. Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Mimi nikiolewa, ng'ombe wakija, ndio watakaokwenda kumletea yeye mke. Tangu nikiwa mdogo niliwasikia wazee wakinitazama na kumwambia yeye, kwa utani usio utani, "Mura, utangoja sana."

Rashi ya dhahabu, ule mmiminiko wa wachimbaji, ilikuja nikiwa namaliza darasa la saba. Dhahabu yenyewe ilikuwepo zamani, wazee waliijua, lakini sasa ulikuja umati. Walikuja watu wa Geita na Shinyanga, walikuja vijana wa upande wa Kenya kupitia Sirari na Kiswahili chao cha haraka, wakiuza kamba, tochi na mabuti. Kila mwenye shamba aliamka akakuta mtu amesimama kwenye mtama wake anautazama udongo. Mashimo yakachimbwa, tukajifunza kuyaita maduara, na baada ya miaka miwili ukipita njia ya mtoni ulilazimika kujua unapoweka mguu. Wanaume walishuka chini. Wanawake tulibaki juu tukitwanga mawe kwa vyuma mbele ya nyumba mpaka yawe unga, kisha tunauosha kutafuta chembe.

Mimi nilikuwa mtwangaji mzuri. Mikono ikishashika mdundo, ile mishtuko ilinyamaza. Mama aliligundua hilo kabla yangu. Alikuwa ananitazama, mchi wa chuma unapanda na kushuka, shingo yangu imetulia, na siku moja akasema, "Wewe huna ugonjwa. Wewe una nguvu ambazo hazijapewa kazi." Mtu mwingine hajawahi kuniambia neno zuri kama hilo, naye aliyaambia mawe kama alivyoniambia mimi, bila kuinua uso.

Nilipofika miaka kumi na tisa wakaja watu kutoka Busawe. Mshenga aliwaambia kwamba nina "haya kidogo", hivyo ndivyo alivyolifunika. Mama akaniita jikoni.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Nitaweza."

"Si dakika kumi. Watakula, watazungumza, watakula tena."

"Mama, nitaweza."

Nikaweza. Niliwapigia magoti, nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikanawisha mikono yao, nikaleta kuku, nikakaa pembeni macho chini. Mwasho ulianza shingoni, ukashuka mabegani, ukaingia kifuani. Nilikaza meno mpaka nikasikia ladha ya damu. Jua lilikuwa upande huu wa nyumba walipoingia, likaenda upande wa pili, nami bado nimetulia. Baba wa kijana akamwambia tata, "Binti yako amelelewa." Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, nikaona anatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Aliwaona ng'ombe wake wakija.

Wakasimama kuaga. Mama wa kijana akanishika mkono, akaniangalia usoni kwa upole, akasema, "Basi, mwanangu, tutaonana." Sijui kama ulikuwa upole wake au ni kwamba nilijua yameisha. Nikaachia. Yote ya mchana kutwa yakatoka pamoja: kichwa, bega, ile sauti ya mbwa, mara tatu, nne, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Akauachia kama mtu aliyeshika kaa la moto. Hawakusema neno baya. Waliaga vizuri kabisa. Mshenga alirudi peke yake siku ya tatu na kusema kijana amepata kazi mbali.

Kaka hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa rahisi zaidi. Alikunywa chai yake taratibu, akaweka kikombe, na kesho yake akashuka kwenye duara kwa mara ya kwanza.

Mama alikufa miaka minne baadaye, kwa tumbo lililovimba na kuuma ambalo lilimmaliza katika msimu mmoja. Kabla hajafa alimwita tata, akamwita na mzee mmoja wa kanisa awe shahidi. Alisema, "Huyu binti hataolewa apate mji wake. Kwa hiyo shamba la mtoni, nililolifyeka kwa mikono yangu, ni lake. Mkubali nikiwa nasikia." Tata akakubali naye akisikia. Lilikuwa shamba dogo, la mihogo na mahindi, lenye mti mmoja wa mkuyu pembeni. Nililima pale peke yangu. Nikilima nilishtuka nilivyotaka, hakuna wa kunitazama.

Kaka wakati huo alikuwa anashirikiana duara na wenzake watatu. Wakati mwingine walipata kitu, na hapo ndipo nilipoanza kumwona vizuri. Alikuwa anarudi na chembe ndani ya karatasi, anaiweka mezani, anaitazama. Uso umetulia vilevile, mikono imetulia vilevile. Lakini mimi nilijua kutazama mahali pengine. Niliona kwenye taya, chini ya sikio, kitu kinajikusanya. Mwasho ule ule. Angeuza ile chembe, angekaa siku mbili kama mtu aliyeshiba, kisha kile kitu kingeanza kupanda, na vyote alivyopata vingerudi chini ya ardhi: kamba mpya, mbao mpya, chakula cha vibarua. Tata alimwambia anunue ndama. Akasema ndiyo, tata. Hakununua hata mmoja. Hakuna aliyesema kaka hana breki, kwa sababu shingo yake ilikuwa imenyooka.

Kisha akaja kwenye shamba langu. Alikuja asubuhi nikiwa napalilia, akachuchumaa karibu na mkuyu.

"Mwamba unapita hapa," akasema. "Tumeufuata toka upande wa pili. Unaingia chini ya mihogo yako."

"Upite salama."

"Sikutanii. Nipe mwaka mmoja tu. Nikipata ng'ombe nikaoa, tunafukia, unarudi kulima."

"Duara gani umeona limefukiwa hapa Nyangoto?"

"Nyumba yetu haina mke, haina mtoto, tata anazeeka. Unalijua hilo?"

"Najua. Najua pia imekuwa hivyo kwa sababu ya nani. Lakini likichimbwa mara moja, halirudi. Ngoja. Uza unachopata, nunua ndama, ngoja wakue. Ukifanya hivyo miaka mitano unaoa bila kugusa shamba la mama."

Akainuka, akajifuta vumbi magotini. "Wewe unanifundisha kungoja," akasema, bila ukali wowote. "Hata shingo yako haiwezi kungoja."

Nilimkatalia miaka miwili. Kijijini ikasemwa kwamba yule dada mgonjwa amekalia utajiri wa familia kwa sababu kichwa chake hakimruhusu kufikiri. Wanawake wenzangu wa kutwanga waliniambia hivyo usoni, kwa wema, kama wanavyomshauri mtoto. Nilipojibu kwa hasira, kichwa kiliruka, wakatazamana.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita kaka aliposema atanipeleka hospitali. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa na mpango. Nadhani hakuwa nao. Nadhani alinihurumia kweli, na pia alitaka nitulie, na hakujua kuzitenganisha hizo mbili. Tulikwenda mjini tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mganga mmoja mtu mzima, mwenye haraka, alinitazama nikishtuka mara tatu, akamuuliza kaka maswali badala ya kuniuliza mimi, akaandika vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Vikafanya kazi. Sitaki kudanganya, vilifanya kazi. Wiki ya pili ile sauti ikapotea. Wiki ya nne shingo ikanyooka. Nilikaa kanisani ibada nzima bila kuzuia chochote, kwa sababu hakukuwa na cha kuzuia. Watu walimshukuru Mungu kwa sauti. Tata, aliyekuwa ameanza kuona kwa shida, alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakisikiliza kama anavyosikiliza mtungi kama una ufa, akasema, "Sasa una kichwa." Jirani aliyejifungua akaniletea mtoto wake. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kupewa mtoto mchanga kumshika. Nilimshika. Alikuwa mzito wa kadiri. Nilijua kwamba napaswa kulia kwa furaha, nikatafuta hiyo furaha ilipo, nikakuta mahali pake pamefagiliwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Miguu ilikuwa mizito kama nimevaa mabuti ya wachimbaji. Mdomo mkavu. Nyama na mchicha vilikuwa na ladha moja. Sikuhuzunika. Sikutaka kitu, sikuogopa kitu. Kama mtu angeniuliza nichague kati ya kula na kulala ningekaa nikamtazama. Kila mtu alisema nimepona.

Kaka aliniuliza tena habari za shamba baada ya miezi mitatu, tukiwa tunakula. Nikasema, "Sawa." Alisimamisha tonge hewani.

"Sawa?"

"Sawa."

Hakunilazimisha. Alileta mwenyekiti na mashahidi wawili, wakaketi kwenye viti nje ya nyumba, karatasi ikasomwa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye kufuata taratibu. Aliniuliza mara tatu: "Dada, umeelewa? Umekubali kwa hiari yako? Hujalazimishwa?" Mara zote tatu nilijibu ndiyo, kwa sauti moja. Kisha nikapewa karatasi niisome mwenyewe, nikaisoma neno kwa neno, maana nilisoma vizuri shuleni. Ilisema shamba la mtoni ni la kaka yangu. Nilikumbuka maneno ya mama. Nilimkumbuka kitandani, mkono wake juu ya blanketi. Yalikuwa maneno tu, kama ya kitabu cha mtu mwingine. Nikatia sahihi. Mmoja wa mashahidi akasema, "Mnaona alivyo na utulivu! Zamani angeichana hii karatasi."

Ndiyo. Zamani ningeichana.

Wakang'oa mihogo wiki ile ile. Nami nilisaidia kuibeba kwenda nyumbani, kapu baada ya kapu. Mkuyu waliukata kupata mbao za kuzuia kuta za duara.

Na mwamba kweli ulikuwepo. Kwa miezi kadhaa duara lile lilitoa vizuri. Ng'ombe wakanunuliwa, hatimaye, na kaka akaoa msichana kutoka upande wa pili wa mpaka, mchangamfu, aliyeimba akipika. Tata aliwaona wale ng'ombe zizini, kisha masika yalipoanza akafa, ameridhika.

Kwenye msiba wake ndipo nilipogutuka. Wanawake walikuwa wanalia, shangazi amejitupa chini, mke wa kaka ambaye hakumjua tata hata mwaka mmoja analia. Mimi nilikaa na macho makavu. Nilimpenda tata. Nilitafuta machozi kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Shangazi akasema kwa sauti wasikie wote, "Yule ana moyo wa jiwe." Nikafikiri, polepole sana, maana kila kitu nilikifikiri polepole: ana haki. Kuna kitu kimetolewa ndani yangu. Asubuhi yake nikavitupa vile vidonge chooni.

Mishtuko ilirudi kwa utaratibu ule ule wa utotoni. Macho, kisha shingo, kisha ile sauti. Na nyuma yake yakaja mengine yote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamefungiwa nje. Tata nilimlilia mwezi mzima baada ya kuzikwa, shambani, njiani, nikitwanga. Kisha siku moja nikaenda mtoni. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi mwaka ule na sikuona kitu. Sasa nikaona. Hakukuwa na shamba. Kulikuwa na mdomo mkubwa wa udongo mwekundu, na mawe, na kisiki. Nikapiga kelele mpaka wachimbaji wakatoka chini wakidhani duara limeanguka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilijieleza. Nilisema nilitia sahihi nikiwa kwenye dawa, kwamba ile haikuwa akili yangu, kwamba mama aliliacha lile shamba mbele ya shahidi. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mishtuko inazidi, kwa hiyo kila sentensi ilikatwa vipande, kichwa kinaruka, nabweka katikati ya neno "mama". Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Akasema kwa upole, "Dada yangu, siku ile nilikuuliza mara tatu. Ulisaini ukiwa mzima. Sasa ndiyo unaumwa. Rudi kwenye dawa, tutazungumza."

Maneno hayo nimeyageuza kichwani miaka mingi.

Kaka naye aliniambia, "Nilikuuliza nikashangaa mwenyewe. Ungesema hapana, ningekwenda zangu." Ni kweli, angekwenda. Halafu akasema, "Nitakulipa ardhi nyingine tukifika kwenye mwamba mkubwa." Nikamtazama chini ya sikio. Kilikuwa kinapanda.

Mwamba mkubwa haukuja. Maji yaliingia. Kila mwenye akili aliona kwamba duara lile limekwisha, lakini yeye alikuwa ameshaonja, na kila ndoo ya matope ilikuwa na ahadi ndani yake. Akauza ng'ombe mmoja akodi mashine ya kuvuta maji. Wa pili, waende kina kingine. Wa tatu. Alifanya yote hayo taratibu, bila kelele, akinywa chai yake, na watu wakasema ana subira, ana msimamo, ndivyo mwanaume anavyotakiwa kuwa. Mke wake aliacha kuimba. Siku zizi lilipobaki na ndama mmoja, alifunga nguo zake, akambeba mtoto wao mchanga mgongoni na kurudi kwao Kenya. Wiki hiyohiyo kaka akaondoka na wenzake kufuata rashi nyingine, mkoa mwingine.

Mimi nilihamia Nyansurura kwa mama mdogo, dada wa mama. Alikuwa mjane mwenye shamba, magoti yake hayakumruhusu tena kulima, akanipa sehemu nilime, na alipokufa wanawe wakaniacha pale pale. Nashukuru. Lakini kulima ardhi uliyoachiwa kwa huruma ni tofauti na kulima ya mama yako. Kila msimu nasubiri kuambiwa.

Miaka ya karibuni walikuja madaktari kwenye zahanati kupima watu macho na presha. Mmoja alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Aliniona nikishtuka kwenye foleni, hakuzuga kutazama pembeni. Aliniita. Aliniuliza mimi, si mtu mwingine. Nilimwambia habari za mwasho, akanijibu kwamba anaujua, kwamba wengi wenye hali hii wanausimulia hivyo. Nikamuuliza swali nililolibeba maisha yote: je, mtu wa kushtuka ni mtu asiyeweza kujizuia katika mambo mengine?

"Wapo wenye vyote viwili, mama," akasema. "Ni kama mtu mwenye kilema cha mguu na pia homa. Lakini kimoja hakithibitishi kingine. Wengine wanashtuka mwili mzima na wanapima mambo yao kuliko mimi."

"Na vidonge?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema kuna dawa zinazopunguza mishtuko kwa kuituliza ile sehemu ya ubongo inayovutwa na kitu kitamu, ile inayosema hiki nakitaka, hiki sitaki. Kwa wengine zinasaidia sana. Kwa wengine, dozi ikiwa kubwa, zinatuliza kupita kiasi. "Walikueleza hivyo walipokupa?"

"Hawakunieleza kitu."

Aliinamisha macho kwenye daftari lake. Nilimwonea huruma, wakati ule hakuwa amezaliwa. Nilitaka anipe karatasi yenye mhuri inayosema hayo aliyoyasema. Sikumwomba. Ningeipeleka kwa nani? Mwenyekiti yule alishakufa, na pale mtoni sasa ni bwawa la maji ya kijani ambalo wazazi wanawakataza watoto kusogelea.

Kaka alinitembelea mwaka jana. Alizoea kupita mara moja moja, lakini miaka tisa sikuwa nimemwona. Amekonda, anakohoa kikohozi kikavu cha watu waliovuta vumbi la mawe, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo. Bado anakaa vilevile, mgongo umenyooka. Nilimpikia ugali na samaki, akala taratibu, akasifu. Tulizungumza habari za tata na za mtoto wake ambaye hajamwona tangu akiwa ananyonya. Kisha akaweka mikono juu ya magoti.

"Kuna mahali wamepata mwamba," akasema. "Safari hii umeonekana kwa macho. Nakosa nauli na cha kuanzia tu. Una mahindi ghalani."

"Hapana."

"Hujanisikiliza."

"Nimekusikiliza tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Kaa hapa. Kuna kazi, kuna chakula, nitakupeleka wakakupime hicho kifua. Lakini mahindi hapana."

Alinitazama muda mrefu. Sikumwona na hasira. Niliona kile kitu chini ya sikio, kimezeeka lakini hakijalala, nikatambua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumhurumia kwa ajili yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona isipokuwa mimi. Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie, ikatoka ile sauti.

"Pole," akasema. "Hukurudi kwenye dawa."

Aliondoka asubuhi, amepanda pikipiki. Jirani yangu, aliyekuwa anaanika mtama, alisimama akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. "Huyo ndiye kaka yako? Mtu mtulivu kweli," akasema. "Anaonekana ana busara." Akanigeukia ili nikubali. Nilisema ni kaka yangu, ndiyo, mtoto wa mama yangu, kisha nikaingia ndani kuosha vyombo alivyolia chakula.